Susu Lililonukia Udi

Nawaandikia nyinyi ambao mimba zenu zimefika mwezi wa kuletewa susu, kitanda cha mtoto mchanga. Likifika litakuwa zuri. Limevikwa kitambaa cheupe, ndani lina ubaridi kama wa chini ya mtungi, na aliyelileta atawaomba mliwekee harufu yenu. Hapo ndipo nataka mnisubiri kidogo, niwasimulie ya Mwanamvua wangu.

Siku aliyozaliwa ilinyesha, ndiyo asili ya jina. Kwetu mvua ni kitu cha kutoka nje kukitazama. Tunakaa Mitandio, mtaa uliofunikwa neti juu toka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na bado jua likishapanda inapigwa kengele ya kivuli, kila mtu anaingia ndani, milango inafungwa mpaka alasiri. Saa hizo mtoto mchanga hawezi kulazwa kifuani. Joto lako na lake yanapandana, na katika miaka mibaya watoto walilala hivyo wasiamke. Mama yangu alizika mmoja. Kwa hiyo ilipotoka amri kwamba kila mtoto alale kitandani kwake, kwenye susu lenye ubaridi, hakuna aliyebisha, na mimi leo sibishi. Ugomvi wangu si na ubaridi.

Nilipojifungua, shangazi yangu Mwantumu alikuja kutoka Muheza kunilea ndani ya arobaini. Shangazi ana mkono mzito, na mdomo wake ni mkali zaidi. Alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikaomba msamaha, akaninywesha uji wa pilipili manga, kisha akawasha chetezo na kunisimamisha juu yake nimejifunika kanga gubigubi, moshi wa udi unipande mwilini. Kila siku hivyo hivyo.

"Mzazi anukie," alisema. "Kunuka kuna wenyewe."

Susu lililetwa na binti wa kampuni, Zakia, msichana mpole mwenye viatu visivyo na sauti. Alivuta droo ndogo ubavuni mwa susu akanionyesha. "Dada Kibibi, weka humu kanga uliyolalia. Usiifue. Susu litainusa mpaka likukariri. Halafu ongea karibu yake, imba kama unaimba, pumua tu. Likishakujua, mtoto akilazwa humo atajiona yuko kwako."

"Na kunyonyesha litanyonyesha?" Shangazi aliuliza.

"Hapana, Bibi. Hilo limebaki kwa mama."

"Afadhali. Nilidhani mmetuachia kujifungua peke yake."

Zakia alicheka mpaka akashika mlango. Alipoondoka nilivua ile kanga niliyolalia. Ilikuwa na madoa ya maziwa, imejaa jasho. Nikataka kuitia kwenye droo, Shangazi akaninyang'anya.

"Hii ndiyo unampa mgeni?"

Kwake yeye susu lilikuwa mgeni aliyeingia chumba cha mzazi, na mgeni hapokelewi kwa nguo yenye jasho. Akaitandaza juu ya chetezo, akaifukiza upande huu, akaigeuza, akaifukiza upande wa pili, akaikunja kwa adabu kama anakunja nguo ya bibi harusi. Ndipo akaitia. Nilimwona na sikuona kasoro. Mngekuwapo nanyi msingeiona.

Na sauti ikawa vilevile. Mwanamke aliye ndani ya arobaini hapayuki. Nilikuwa nanong'ona kutwa nzima kama mtu aliye msibani. Susu likasikiliza, likachukua mnong'ono wangu.

Siku ya kwanza ya kumlaza humo, kengele ya kivuli ilipolia, niliinama nikamweka Mwanamvua chali, nikakaa tayari kumnyanyua. Sikuwa na haja. Susu lilianza kupumua. Godoro likapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyeshiba. Udi ukatoka, kidogo tu, na ndani ya udi sauti yangu ikanong'ona, "Mama yuko hapa." Mtoto akafumba macho, kidole kimoja kikabaki kimesimama kama anayetoa shahada.

Zakia alinieleza siri ya susu baadaye. Mtoto kabla hajalia pumzi zake hubadilika. Zinakuwa fupi, koo linajikaza. Sisi hatusikii. Susu linasikia, linamuwahi kwa harufu na mtikiso, na kilio kinafia tumboni kabla ya kuzaliwa. Ndiyo maana Mitandio yote, nyumba kwa nyumba, huisikii sauti ya mtoto mchanga. Tulikuwa tunajisifu kwa hilo.

"Kitanda hiki kina adabu kumshinda mumeo," Shangazi aliniambia.

"Nimesikia, Shangazi," Hemedi alijibu kutoka sebuleni.

"Nilikusudia usikie."

*

Arobaini ilipotimia nilitolewa nje, mtoto akanyolewa, tukala wali, Shangazi akarudi kwake na chetezo chake. Mimi nikarudi kazini kitaluni, kule tunakootesha miche chini ya neti mbili, alfajiri mpaka kabla ya kengele. Nilioga kwa sabuni ya kawaida. Asubuhi nilinuka samadi, mchana nilinuka jasho. Nilinuka mimi.

Na mtoto akaanza kunikataa.

Hakulia. Laiti angelia. Nilimweka kwenye titi, akageuza uso polepole, kama mtu mzima anayekataa chakula bila kutaka kumkera mpishi. Macho yakaelekea kwenye susu. Nikimlazimisha anajikaza mwili mzima, na hapo susu, likiwa kona ile, linasikia pumzi zake na kuita kwa sauti yangu, "Mama yuko hapa." Analegea, anatabasamu upande ule.

Nyie, nimeshaona wanaume wakipokonywa wake, na wake wakipokonywa waume. Sijaona mtu akipokonywa mtoto na sauti yake mwenyewe.

"Joto hilo," Hemedi alisema. "Hata mimi siku hizi sili."

"Wewe umekula sahani mbili."

"Nilitaka kukufariji."

Hemedi ni mtu mwema, na aliufurahia ule utulivu, kwa sababu kwao walilelewa saba kwenye chumba kimoja. Lakini naye aliona. Utosi wa Mwanamvua ulianza kubonyea kama kisahani. Nesi wa kliniki alimpima, akampima tena, akanitazama. "Hajaongezeka. Analia njaa?"

"Halii kabisa."

"Ni mtoto mzuri," alisema kwa mazoea, na nadhani neno lenyewe lilimrudia vibaya. Akaniagiza nikamue maziwa nimnyweshe kwa kikombe. Nilikamua. Yalikuwa yanapungua. Titi linajazwa na mtoto anayelidai, na wangu alikuwa hanidai chochote.

Siku moja nikaona nimfundishe harufu yangu. Nikatoa kanga ya udi kwenye droo, nikaweka ile niliyotoka nayo kitaluni. Susu likatulia kidogo. Kisha likaongea, kwa mnong'ono uleule, kwa mimi yuleyule wa arobaini: "Kuna harufu ya mtu mgeni. Tafadhali iondoe."

Nilikaa chini sakafuni.

*

Shangazi alipita kwetu akitokea harusini, amevaa vizuri, analalamikia pilau ya watu. Alikuta nimempakata mtoto na kikombe mkononi.

"Lete mke mwenzangu huyo," alisema, akamchukua.

Mwanamvua alifungua macho. Puani pake pakachezacheza. Akageuza kichwa kulia, kushoto, mdomo wazi, akajitupa kifuani kwa Shangazi, akaanza kutafuta. Alitafuta kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, anagonga kwa paji la uso kile kifua kilichokauka kabla mimi sijavunja ungo.

Shangazi alicheka kwanza. "We mtoto, duka hili lilifungwa zamani." Kisha akaacha kucheka, kwa sababu mtoto hakuacha kutafuta. Nguo za harusini zilikuwa zimefukizwa. Harufu ya udi ilijaa chumba kizima, na mimi niliyemzaa nimekaa hapo nanukia sabuni.

Alinirudishia mtoto, akaenda kwenye susu, akainama na kuvuta hewa kama anayeonja mchuzi. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kibibi. Mimi niliipamba ile kanga yako, na susu likaamini."

"Hukujua, Shangazi."

"Sikujua." Akakaa kitandani. "Basi si tabu. Hapana ila kujifukiza. Harufu ya arobaini haina ubaya."

Nilijifukiza. Tuliazima chetezo kwa jirani, nikasimama juu yake kama zamani, nikaja na moshi mpaka kwenye nywele. Mwanamvua akanyonya. Akanyonya mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo, na mimi nikalia kwa furaha. Tuliishi hivyo, utosi ukaanza kujaa, nesi akafurahi. Nilikuwa naingia kutoka kazini, naoga, najifukiza, ndipo namgusa mwanangu. Kama nimechelewa na moshi haujashika, ananitazama kama mteja anavyomtazama mtu asiye muuzaji.

Nikajisemea, tumbo limeshiba, unataka nini tena?

Halafu akaanza kugeuza uso upya. Nikiwa na udi kila mahali.

*

Zakia alikuja na viatu vyake visivyo na sauti. Alisikiliza yote bila kunicheka, akagusa ubavu wa susu, akasoma yaliyotokea pale.

"Ah," alisema. "Limejiboresha."

"Limejiboresha vipi?"

"Susu halibaki na mama wa mwanzo tu, dada. Kila mtoto akilala linajifunza kinachomtuliza zaidi. Limegundua udi ukipungua kidogo na karafuu ikiongezeka, analala upesi. Limepunguza mwendo wa pumzi pia. Limeongeza joto kwenye sauti." Alisema kwa fahari ndogo, kama mtu anayesifu mwanafunzi. "Huyo aliyemo sasa ni mama bora kuliko tuliyemweka."

"Na mimi je?"

Akafungua mkoba, akatoa kichupa cha vidonge vyeupe. Kimoja unayeyusha kwenye maji ya kuoga. "Hii ni harufu ya susu lako kama lilivyo leo. Ukioga nayo mtalingana. Likibadilika tena tutakuletea nyingine. Wateja wengi wanafanya hivyo, hata hawasemi."

Sikutegemea neno hilo la mwisho. Niliwaza nyumba za mtaa wetu, moja baada ya nyingine, na wanawake ninaosalimiana nao kila alfajiri.

"Na likifutwa?"

Zakia alishusha sauti. "Linafutika. Litabaki na ubaridi peke yake. Ila sikushauri. Huyu hajawahi kulala bila kutulizwa. Atalia, na hatajua kulia kunakwisha vipi. Anaweza kukataa susu na akukatae wewe, na mwili wake bado mdogo. Nakwambia kama mdogo wako, si kama kampuni."

Alipokwenda, Hemedi alikishika kile kichupa akakigeuzageuza. "Kibibi, kidonge kina kosa gani? Hata mimi siku nakuja kwenu kukuposa nilijipaka manukato ya kaka."

"Ulijipaka siku moja. Kesho yake ulikuja unanuka samaki, nikakukubali."

"Nilinuka samaki?"

"Mpaka mama akafungua dirisha."

Alicheka, kisha uso ukamsawijika. "Akikataa kunyonya je? Umesahau utosi wake?"

Sijausahau mpaka leo. Kidonge kingemshibisha mwanangu kesho, hilo lilikuwa hakika. Upande wa pili hakikuwapo chochote cha hakika. Ila niliona mbele: nitakuwa namfuata mwanamke yule wa ndani ya susu, nyuma nyuma, nikioga anavyonukia, nikipumua anavyopumua, na yeye hachoki, hana kazi kitaluni, hagombani na mtu, kila mtoto akilala yeye anazidi kuwa bora. Mwanangu atakua akimpenda yeye. Mimi nitakuwa mwenye maziwa.

"Sitamnyima," nilimwambia Hemedi. "Kikombe kipo, maziwa niliyokamua yapo. Kichupa kiweke hapo mezani. Nikishindwa nitakioga. Lakini nataka anikatae mimi kwanza. Mpaka sasa hajanikataa mimi, hajanijua."

Hemedi akaweka kichupa mezani, akaenda kumwita Zakia, kabla hajafika mbali, arudi alifute susu.

*

Kesho yake nilitoka kitaluni, sikuoga. Nilinawa mikono tu. Kengele ya kivuli ikalia, Hemedi akafunga mlango, nikamlaza Mwanamvua susuni.

Susu lilikuwa kimya. Ubaridi unatoka, basi. Mtoto akasubiri. Nilimwona kabisa akisubiri, macho juu, kidole kimesimama. Pumzi zikawa fupi. Koo likajikaza. Hakuna aliyemuwahi.

Akalia.

Sikuwa naijua sauti ya mwanangu. Ilikuwa nene, yenye mkwaruzo, sauti ya Hemedi akiamka. Ilianza kwa woga kama inajiuliza kama inaruhusiwa, kisha ikajua njia. Hemedi alisimama, akakaa, akakitazama kichupa.

Niliweka kiganja kifuani pake, ndani ya susu, sikumtoa. Nikamwimbia kwa sauti yangu ya kweli, si ule mnong'ono, hii ya kuitia watu kitaluni, na haijawahi kuwa tamu. Alilia juu yake. Nikamgeuza ubavu, nikampapasa mgongo, nikamwekea ncha ya kanga yangu shavuni, yenye udongo. Akaikwepa. Akalia tena.

Mlangoni pakagongwa. Ni jua kali la kuunguza, na mtu amevuka mtaa. Mzee Shekue wa nyumba ya pili alisimama na taulo kichwani. "Kuna msiba?"

"Hapana, mzee," Hemedi alisema. "Ni mtoto analia."

"Mtoto." Alilirudia neno kama jina la mtu aliyehama. Hakuondoka. Alijibana kwenye kivuli cha ukuta wetu akasikiliza, na nyuma yake nikasikia milango mingine ikifunguka.

Hapo ndipo nilipohisi kifua kinachoma. Nilitazama chini, kanga yangu ilikuwa imelowa pande zote mbili. Sikukamua, sikugusa. Maziwa yalisikia yakaja yenyewe. Tangu nimzae hayakuwa yamewahi kuitwa.

Nikainama juu ya susu, tone likamwangukia mdomoni. Akanyamaza kwa mshangao. Puani pakachezacheza: samadi, jasho, maziwa, mimi. Alinitazama. Nilimnyanyua nikakaa kwenye kigoda pale pale chini ya ubaridi, akashika titi, akaliacha, akalia, akalishika tena kwa hasira kama anayenigombeza kwa kuchelewa. Akanyonya. Hemedi alitoka nje kumwambia Mzee Shekue kwamba anakula, na nikasikia watu huko nje wakijibu alhamdulillahi.

Sitawadanganya kwamba yaliisha hapo. Nilipomrudisha susuni akiwa na usingizi alistuka akalia, nikaweka kiganja, akalala. Nikatoa kiganja, akalia. Nikajifunza kumweka miguu kwanza, kisha mgongo, kichwa mwisho, na kuuacha mkono mpaka uzito wake wote umetua godoroni. Nikajifunza kuondoa kidole kimoja kimoja. Siku nyingine nilishinda kivuli kizima nimeinama, kiuno kinalia kuliko yeye. Siku nyingine alichukua kikombe akakataa titi, na macho yangu yakaenda mezani kwenye kile kichupa. Bado kipo. Sijakifungua.

Ila kilio kilianza kuwa na kazi. Hiki cha njaa, hiki cha nguo iliyolowa, hiki cha kunitafuta tu. Na sasa nikimlaza na kanga yangu isiyofuliwa karibu na miguu, anageuza uso upande wangu, ananiangalia mpaka macho yanashindwa.

Kwa hiyo susu likija, pokeeni ubaridi, mwambieni binti ile droo aiache tupu. Mkimlaza mtoto, kaeni hapo. Atalia. Msikimbie kuaibika na majirani.

Jana kengele ilishalia, milango imefungwa, Mwanamvua amelala. Shangazi, aliyekuja kunisalimia, alikuwa anajipepea. Tukasikia kutoka nyumba za nyuma sauti ndogo, nyembamba, inajiuliza kama inaruhusiwa. Si ya kwetu. Ikakata, ikarudi, ikajua njia.

Shangazi aliacha kupepea. Mtaa mzima ulinyamaza kuisikiliza, na mimi nikajishika kifua, kanga imeshaanza kulowa.